Kama Nadim Alijua

Jumamosi, 8 Februari 1986

Kanda ya tatu. Saa kumi, baada ya swala ya alasiri, kama kawaida. Unga nilikuwa nimeshaukanda. Nikaketi kwenye kigoda changu nyuma ya pazia la jikoni, karai la mafuta upande huu, dirisha dogo la kupitishia sahani upande ule. Kupitia dirisha hilo naiona televisheni yote, na visogo vya wanaume. Wao hawanioni. Mume wangu Guyo ndivyo alivyotaka, mke wake asikae katikati ya watu wa hoteli. Sikubishana. Huku mandazi hayaungui.

Binamu yake alituma mashine ya video na kanda nane kutoka Jeddah. Katuni ya Kijapani, lakini imetiwa maneno ya Kiarabu. Hapa mjini wanaokielewa Kiarabu cha mazungumzo ni wawili. Mimi, kwa ile miaka sita niliyokaa Jeddah kwa shangazi kabla sijaolewa, na Maalim Idris wa madrasa, ambaye ameapa hatatia mguu. Basi natafsiri mimi. Wanasema kule, nasema huku kwa sauti ya juu, mafuta yanachemka. Neno nisilolijua nalipa maana yangu na kusonga mbele. Hakuna aliyelalamika hadi leo.

Jitu lenyewe, la chuma, ni refu kupita mnara wa msikiti. Ndani ya kichwa chake anakaa kijana, Nadim, analiendesha kama dereva wa lori. Leo amevunja mashine mbili za adui. Wanaume wazima wenye wajukuu wamepiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka ua.

Sauti imenikauka. Mkono una malengelenge.

Jumapili, 9 Februari

Kanda ya nne. Watu wengi kuliko jana. Wengine wamesimama mlangoni.

Ekai alikuja mapema akakaa mahali pake, meza ya kwanza, Guyo kando yake. Miaka kumi na tano wanakunywa chai kwenye meza hiyo. Guyo ni Mborana wa msikitini, Ekai Mturkana wa kijiji cha Ngaremara anayekwenda kanisani, askari mstaafu. Watu wote humwita Sajenti. Ujanani walichunga pamoja ng'ombe wa karantini ya serikali, wao wawili na Halake, kaka mkubwa wa Guyo. Siku hizo Ekai alikuwa akilala nyumbani kwa mama mkwe wangu na kunywa maziwa kwenye kibuyu chao. Mke wake, Mama Lokwawi, ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote wanne. Kwa hiyo Ekai si mgeni hapa. Hata sukari anajitilia mwenyewe, na anatia nyingi.

Katika kanda ya leo daraja lilianguka na mto ukaharibika. Nadim hakuomba radhi kwa mtu. Nikamwongezea maneno mawili ya kuomba radhi. Nilimwonea haya.

Jumatano, 12 Februari

Mji hauna habari nyingine. Kila mtu na lake.

Mama Kendi, anayeuza miraa pale mbele, anasema chuma cha lile Jitu kingeezeka Isiolo nzima na kingebaki cha Meru. "Hiyo ni hasara tupu," anasema, na bado anafunga miraa yake saa kumi kasoro ili apate nafasi mlangoni. Vijana wa stendi wanasema Jitu ndilo shujaa na Nadim ni dereva tu. Wachungaji wawili waliokuja kutoka Oldonyiro waliuliza kwa nini kitu chenye nguvu hivyo hakichimbi kisima. Mimi naona ndilo swali zuri kuliko yote.

Maalim Idris amesema msikitini kwamba kuunda mfano wa mtu na kuupa nguvu za kuvunja milima ni kushindana na Muumba. Sawa. Ila alitaja daraja. Nani alimwambia kuna daraja?

Mimi nampenda Nadim. Ana kiburi, lakini macho yake yana huzuni. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Februari

Kanda ya tano.

Kuna mashine moja ya adui, nyekundu, ambayo imekuwa ikimkwepa Nadim tangu mwanzo. Leo alikutana nayo kwenye njia nyembamba ya mlimani. Ile nyekundu ikasimama. Ikainua mkono, kiganja wazi. Nadim akangoja kidogo. Kisha akapiga. Kifua cha ile mashine kikafunguka, na ndani yake kulikuwa na kijana anayekata roho. Sami, kaka yake Nadim, yule aliyepotea utotoni. Nadim alimtazama kupitia kioo. Hakushuka. Akaligeuza Jitu akaenda zake.

Hapo kanda ikaisha.

Mandazi yaliungua na sikusikia harufu. Kisha mtu akauliza: alijua? Kabla ya kupiga, alijua ni nani yuko ndani?

Wamebishana hadi adhana ya magharibi.

Jumapili, 16 Februari

Siku mbaya.

Walitaka ile sehemu ya jana irudiwe. Ikarudiwa. Kisha kanda ya sita, ambayo haina jibu, Nadim amefunga mdomo mwanzo hadi mwisho. Watu wakajigawa wenyewe bila kuambiwa. Wanaosema alijua, mabenchi ya kushoto. Wanaosema hakujua, ya kulia. Mama Kendi akabaki mlangoni akisema kosa ni la mama yao, alipotezaje mtoto.

Ekai alisema hakujua. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayefundisha. "Ukiwa ndani ya hiyo chuma huoni mtu. Unaona chuma mwenzako. Umepewa kazi, unafanya."

Guyo akasema mkono uliinuliwa. Adui hainui mkono hivyo.

Ekai akasema vitani kila mtu anainua mkono.

Na Guyo, mume wangu ambaye hata akikanyagwa husema pole, akamgeukia na kusema mbele ya watu wote: "Na wewe siku ile ya lori, uliona chuma?"

Ekai aliweka kikombe chini. Kilikuwa kimejaa. Akavaa kofia yake akatoka.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Niliogopa. Naogopa bado.

Jumatatu, 17 Februari

Niandike vizuri, maana katika nyumba hii jambo hili halisemwi.

Halake alishushwa kwenye lori siku za vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, kwenye kizuizi cha askari barabarani. Hakuwa shifta. Alikuwa akipeleka chumvi kwa wajomba. Hakurudi, wala mwili haukurudi. Mama mkwe wangu alikufa akiwa bado anageuka kila lori likipunguza mwendo. Ekai wakati huo alikuwa ameshakuwa askari, na watu walisema alikuwa kwenye kile kizuizi. Wengine walisema alikuwa kwingine. Guyo hakumuuliza. Miaka ishirini. Alimtilia chai.

Nilidhani wamesameheana kimya kimya, namna wanaume wanavyofanya. Nilikuwa mjinga.

Jumatano, 19 Februari

Ekai hajaja siku ya tatu. Meza ya kwanza haina mtu, na hakuna anayethubutu kuikalia, hata mgeni akija anaelekezwa pengine.

Wateja wenyewe wamekuwa na adabu mbaya. Wa kushoto hawapokei sukari kutoka kwa wa kulia. Wengi wa kushoto ni Waborana, na kulia nawaona Waturkana na Wameru, ingawa Jumamosi walikuwa wamechanganyika. Sikupenda kuliona hilo. Kijana mmoja wa stendi alisukumwa akamwaga chai, na kama si Mama Kendi kuwazomea wote pangekuwa na ngumi.

Kwa katuni! Jitu la kuchorwa!

Ila najua si katuni.

Alhamisi, 20 Februari

Guyo amesema. Alikuwa akikata kuni uani, akaniita nije. Amesikia kwa binamu yake kwamba katika kanda ya nane wazee wanamweka Nadim mbele yao na kumuuliza waziwazi kama alijua. "Tutangoja hiyo," akasema. Kama hakujua, ataenda Ngaremara mwenyewe kumwomba Ekai msamaha kwa neno alilolisema. Kama alijua, Ekai hatakunywa tena chai ya nyumba hii, na mimi na Mama Lokwawi tuachane pia.

Nikamwambia, Baba Talaso, ni katuni.

"Najua ni katuni," akasema, akaendelea kukata kuni.

Nimekasirika sana. Miaka ishirini ameshindwa kumuuliza mwenzake, sasa anataka Mjapani amuulizie. Na Mama Lokwawi anahusikaje? Mtoto wangu wa tatu alikuja miguu kwanza. Yule mwanamke alipiga magoti sakafuni tangu alfajiri hadi adhuhuri. Eti tuachane.

Ijumaa, 21 Februari

Leo wanaume walipokwenda swala ya Ijumaa nilifunga mlango wa hoteli, nikatia kanda ya nane. Peke yangu.

Wazee wamekaa nusu duara. Nadim amesimama, Jitu nyuma yake halina uhai. Mzee mmoja anamuuliza: ulipopiga, ulijua ni ndugu yako? Nadim ananyamaza muda mrefu. Kisha anasema: "Kuntu aarif." Maana yake:

Nilikuwa najua.

Nilirudisha nyuma. Tena. Tena. Nilitaka kupata neno jingine mle ndani. Hakuna.

Ni maneno mawili tu. Wote watayasikia, na hakuna atakayeyaelewa ila mimi.

Jumamosi, 22 Februari

Kanda ya saba. Vita tu. Nimetafsiri kama mlevi.

Mama Lokwawi alikuja asubuhi kwa mlango wa nyuma. Alileta majani ya dawa ya kikohozi cha mwanangu Talaso, nami nilikuwa sikumwomba. Amesema mzee wake hali chakula, anakaa nje ameelekea barabara. Akaniuliza katika ile video mwisho wake ni nini. Nilimwambia bado sijaona. Nimemdanganya mwanamke yule machoni.

"Kesho atakuja," akasema. "Amesema lazima aone."

Nimeamua. Nitasema hakujua. Ni kwa ajili ya amani, nimejiambia, watu wasipigane, Guyo aende Ngaremara. Lakini sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nafanya pia kwa ajili yangu. Sitaki kumpoteza Mama Lokwawi. Sitaki kukaa na mume anayemchukia mtu kila siku, hapa kwenye vyumba viwili. Na kutafsiri ni kazi yangu. Nani atanihukumu?

Jumapili, 23 Februari

Yote nitaandika kwa mpangilio.

Walijaa kuanzia saa tisa. Kushoto, kulia. Ekai aliingia akiwa amevaa koti lake la kanisani. Hakwenda meza ya kwanza. Alisimama ukutani, karibu na pazia langu, karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Guyo alikuwa ameketi mezani peke yake, hakugeuka.

Sikukaanga kitu leo. Nilizima moto. Nilikaa na mikono mapajani.

Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, wala sikutia chumvi hata mahali pamoja. Nilitaka wote waniamini. Tukafika kwa wazee. Mzee akauliza, nikauliza. Nadim akanyamaza. Nikamwona mume wangu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kuntu aarif," akasema Nadim.

"Sikujua," nikasema mimi.

Upande wa kulia wakashangilia. Wa kushoto wakaguna. Na Guyo, nililiona kwa nyuma, mabega yake yalishuka. Alikuwa amepata nafuu. Wallahi alikuwa anataka kusikia hilo neno kuliko wote. Akaanza kuinuka, akaanza kugeuka, nadhani alikuwa anamtafuta Ekai.

Na hapo Ekai akasema, si kwa nguvu: "Hapana. Mama Talaso, hiyo si ile kitu amesema."

Nikafikiri Kiarabu amekitoa wapi?

"Mimi sijui hiyo lugha," akasema. "Lakini mtu kama hakujua hanyamazi hivyo. Hakujua anajibu haraka. Huyu alijua." Akatoka ukutani, akaenda hadi katikati, mbele ya televisheni. Kofia mkononi. "Na mimi nilijua."

Akamwambia Guyo, kama hakuna mtu mwingine mle ndani. Kwamba walimshusha Halake kwenye lori na karatasi zake hazikuwa sawa. Kwamba mkubwa wao alipanga askari mstari akauliza, nani anamjua huyu? Anayejulikana alipigwa kidogo na kuachwa. Asiyejulikana alihesabiwa mtu wa msituni. Halake alimwona Ekai mstarini. Hakumwita jina, alimtazama tu, alimngoja. Wiki ile askari mmoja alikuwa amekamatwa kwa kumtetea mtu. "Nikaogopa. Mkubwa aliuliza mara mbili. Nikanyamaza mara mbili. Wakampeleka nyuma ya mawe."

Kisha akasema: "Nimekunywa chai yako kila siku nikitaka kusema. Chai inakwisha, naenda nyumbani."

Guyo alisimama. Mimi nilishika pazia. Nilidhani atampiga, na watu wote walidhani hivyo, vijana wa kushoto walikuwa tayari wamesimama. Hakumpiga. Alienda akaizima televisheni kwa mkono wake. Akapita jikoni akielekea uani. Kwangu alisimama.

"Alisema nini?"

Nikamwambia maneno ya Nadim: Nilikuwa najua.

"Na wewe ulitaka kunipa nini?" akaniuliza. Akaenda.

Watu walitoka mmoja mmoja, kushoto na kulia. Ekai alikuwa wa mwisho. Mama Kendi ndiye aliyemshika mkono hadi barabarani.

Jumatatu, 24 Februari

Hoteli haikufunguliwa. Guyo anaongea na watoto. Na mimi, hapana.

Nina haya. Nilifikiri neno ni langu kwa sababu nalitamka mimi. Nilichukua jambo la watu wawili nikalifunika kama sufuria, na yule niliyedhani namwokoa ndiye aliyelifunua.

Jumatano, 26 Februari

Tumefungua. Wachache. Wakakaa popote. Hakuna aliyetaja Jitu.

Maalim Idris amepita, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanywa chai akiwa amesimama. Ameniambia kupitia dirishani kwamba mfasiri ni shahidi. Ni kweli, na nimechukia kwamba ni kweli kutoka kwake.

Nimemwomba Guyo msamaha leo. Kwa maneno, si kwa chakula. Amesema amesikia. Hajasema amesamehe.

Ijumaa, 28 Februari

Baada ya swala Guyo hakurudi moja kwa moja. Alikuja saa kumi na moja, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa Ngaremara. Kwa miguu!

Sikumuuliza. Aliniambia mwenyewe akiwa amenipa mgongo. Hakwenda kusamehe. Alienda kuuliza mahali. Ekai amesema anapajua, angeweza kupafika akiwa amefumba macho. Kesho asubuhi wanaondoka na lori la mbuzi linalokwenda kaskazini.

Nimefunga mkate, tende, maji madumu mawili. Sikujua nifunge chakula cha watu wangapi. Nimefunga cha wawili. Akiudhika aniudhikie.

Jumamosi, 1 Machi

Wameondoka alfajiri. Ekai alikuwa tayari juu ya lori, upande mmoja. Guyo akapanda upande mwingine. Mbuzi katikati.

Mama Lokwawi amekuja. Tumechambua maharagwe siku nzima, tukamaliza gunia ambalo halikuwa na haraka. Nimemwambia kwamba nilimdanganya siku ile. Akasema alijua, uso wangu haufichi kitu. Kisha akasema naye alijua kuhusu Halake tangu mwaka walipooana na Ekai. Akasubiri nimfukuze. Nilinyanyuka nikaenda uani nikalia. Niliporudi alikuwa bado anachambua. Nikakaa.

Vijana walikuja kuuliza kama leo kuna video. Nikawaambia hakuna.

Jumapili, 2 Machi

Amerudi adhuhuri. Ameoga, ameswali, amekaa kwenye mkeka uani, si hotelini. Nilimpelekea chai nikataka kuondoka. Akaniambia kaa.

Kuna mawe, akasema. Yamepangwa kwa kuelekea kibla, kama inavyotakiwa, urefu wa mtu. Nilimuuliza nani aliyapanga. Ekai. Aliyapanga jioni ile ile, wenzake walipokwenda kula, bado amevaa sare. Hakuwa na uhakika wa kibla. Alikisia kwa kukumbuka mama mkwe wangu alivyokuwa akitandika mkeka wake. Amekisia sawasawa.

Guyo amesoma Yasini pale. Ekai alisimama mbali na kofia yake mkononi. Njiani kurudi hawakusemezana hadi Archers Post, na baada ya hapo waliongea kuhusu mbuzi.

Nilimuuliza kama sasa Ekai atakuja kunywa chai. Akasema hajui. Akasema upande wa juu maji ya mvua yamekula udongo, na mawe mengine lazima yaongezwe kabla ya masika.

Nikamuuliza ataenda na nani. Akanywa chai yake kwanza.

"Mawe ya kule ni makubwa," akasema. "Hubebwa na watu wawili."